MPAKA, MKIMBIZI NA MSOMI: Kuwasoma Wahindi Tukiwa Ngara

Utangulizi

Katika semina yetu ya fasihi linganishi tuliambiwa kila mmoja achague eneo moja la fasihi ya ulimwengu wa tatu, alisome na kuliwasilisha mbele ya wenzake. Wengi wakakimbilia Afrika Magharibi na visiwa vya Karibea. Mimi nikasema nitashughulikia India. Darasa likacheka. Mwenzetu mmoja akaniuliza, "Wewe mtu wa Ngara na Wahindi wapi na wapi?" Ulikuwa utani tu, lakini swali lilinikaa kichwani muhula mzima.

Kwetu, tangu utotoni, neno Mhindi lina maana ya duka. Katika vichekesho vya redioni na vya jukwaani Mhindi ni yule yule kila siku: ana kaunta, ana mizani, Kiswahili chake kibovu, na hela haimtoki. Sasa mtu akitangaza kwamba anasoma fikra za Wahindi kuhusu historia na siasa, watu wanamwona kama amesema anasoma fikra za mizani. Hii ni kasoro ya mafunzo yetu, si ya Wahindi.

Hoja ya makala haya ni moja. Waandishi na wanahistoria wa India, hasa walioandika juu ya mgawanyiko wa nchi yao mwaka 1947, wametupatia sisi watu wa Ngara na Biharamulo zana za kujisoma wenyewe. Zana hizo zina makali, lakini zina kasoro pia, na nitaieleza bila kuogopa majina makubwa. Nitaanza na mipaka yenyewe, kisha hadithi fupi moja, kisha wanahistoria, kisha msomi mmoja wa hapa hapa Afrika Mashariki mwenye asili ya India. Mwisho nitasema tufanye nini.

Mistari miwili

Bwana Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza, alifika India Julai 1947. Hakuwa amewahi kukanyaga huko. Alipewa kama wiki tano za kuyagawa majimbo ya Punjab na Bengal kati ya India na Pakistani. Pakistani ilipata uhuru tarehe 14 Agosti, India tarehe 15, na mstari wenyewe ukatangazwa tarehe 17. Yaani watu walisherehekea uhuru siku mbili nzima bila kujua nyumba zao ziko nchi gani. Kiasi cha watu milioni 12 hadi 15 walihama, na waliokufa hukadiriwa kuanzia laki mbili hadi milioni mbili. Makadirio yanapopishana kiasi hicho, ujue hakuna aliyehesabu.

Msomaji wa Ngara akisoma hayo hashangai sana. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikaa wakagawana sehemu hii ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, likakatwa na kupewa Waingereza kwa sababu walitaka njia ya reli ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Mfalme Musinga na wamisionari wakalalamika, na kufikia 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Reli haikujengwa. Bugufi nayo, iliyokuwa chini ya mfalme wa Burundi, ikabaki upande wa Waingereza na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Ndiyo maana Kihangaza chetu kinaelewana na Kirundi na Kinyarwanda kuliko kinavyoelewana na Kisukuma. Wakulima wa Gisaka walibadilishiwa wakoloni mara mbili katika miaka mitano, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Tofauti ipo, na lazima isemwe. Mstari wa Radcliffe ulimwaga damu papo hapo. Wa kwetu ulikaa kimya miaka mingi, watu wakaoleana na kuchunga ng'ombe huku na huku, mpaka siku ulipoamka.

Mwendawazimu wa Manto

Saadat Hasan Manto alizaliwa Punjab mwaka 1912, akafanya kazi ya uandishi na filamu Bombay, akahamia Lahore mwaka 1948, akafariki 1955 akiwa na miaka 42. Aliandika kwa Kiurdu. Hadithi yake inayoitwa "Toba Tek Singh" ilitoka mwaka ule ule aliofariki, nami nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Kisa chake ni hiki: miaka michache baada ya mgawanyiko, serikali mbili zinakubaliana kubadilishana wendawazimu. Wagonjwa Waislamu walioko India wapelekwe Pakistani, na Wahindu na Masingasinga walioko Pakistani wapelekwe India. Katika hospitali ya wendawazimu ya Lahore yuko Bishan Singh, mzee ambaye hajalala kwa miaka 15, anasimama tu. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: mji wake wa Toba Tek Singh uko wapi sasa, India au Pakistani? Hakuna anayempa jibu la kueleweka. Wanapofika mpakani anakataa kuvuka. Anasimama katikati, na alfajiri anaanguka na kufa kwenye kipande cha ardhi kisicho na jina, waya za India upande huu na za Pakistani upande ule.

Wahakiki wengi husema dhamira ya hadithi hii ni upuuzi wa mipaka: wazima ndio wendawazimu, na wendawazimu ndio wazima. Sikatai. Lakini kwa maoni yangu usomaji huo unaishia njiani, kwa sababu unamfanya Bishan Singh kuwa fumbo na kusahau swali lake. Swali lake si la kifalsafa. Mzee huyu anaulizia alikozaliwa, na ni swali ambalo karani yeyote angepaswa kulijibu. Kinachouma katika hadithi hii ni kwamba serikali mbili zenye ramani, mihuri na malori hazina jibu hilo.

Nakiri kwamba nimefika kwenye usomaji huu kwa njia ya nyumbani. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la nne. Jirani yetu mmoja, mzee tuliyekuwa tukimwita babu, alikuwa ameishi hapo kijijini tangu miaka ya 60. Alikuja kijana mdogo kutoka Rwanda wakati wa machafuko ya 1959 hadi 1961, akapewa shamba, akapanda migomba, akazika mke wake pale pale. Mwezi Julai mwaka huo Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke, na mwezi Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Serikali ilitaja ujambazi wa kutumia silaha katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na ujambazi ulikuwepo kweli: kuna nyakati magari yalikuwa hayapiti pori la Biharamulo bila askari. Lakini babu yule hakuwa jambazi. Alikuja jioni, akamwachia bibi yangu jembe na redio, akauliza, "Sasa mama, mimi kwetu ni wapi?" Bibi hakujibu. Akaenda jikoni kumletea uji.

Nilipokutana na Bishan Singh chuoni miaka mingi baadaye, sikuhitaji mhadhiri anieleze dhamira.

Historia ya walalahoi

Tuje kwa wanahistoria. Mwaka 1982 Ranajit Guha na wenzake walianza kutoa mfululizo wa vitabu ulioitwa Subaltern Studies. Malalamiko yao yalikuwa wazi: historia ya uhuru wa India imeandikwa kana kwamba ni kazi ya wakubwa tu, wawe wakubwa Waingereza au wakubwa Wahindi. Mkulima akiasi, inasemwa amechochewa au ana njaa. Haisemwi kamwe kwamba amefikiri. Guha akaonyesha kwamba hata ripoti ya polisi inaweza kusomwa kinyumenyume: pale polisi anapoandika "wahuni", tafuta watu wenye mpango.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kazi ya Shahid Amin kuhusu Chauri Chaura, iliyotoka 1995. Tarehe 4 Februari 1922 wakulima walichoma kituo cha polisi katika kijiji hicho na askari zaidi ya 20 wakafa. Gandhi akasimamisha harakati zake za kutoshirikiana na serikali. Tangu hapo kijiji kikawa aibu ya taifa. Amin alisoma mafaili ya mahakama, kisha akarudi vijijini kuwasikiliza ndugu wa waliohusika. Alichokipata hakikulingana na mafaili, wala hakikulingana na hadithi ya chama cha Gandhi. Hakusema wanakijiji ndio wakweli na mafaili ni ya uongo. Aliviweka vyote viwili mbele ya msomaji na kuonyesha jinsi kila kimoja kilivyotengenezwa.

Urvashi Butalia naye, katika kitabu chake cha 1998, alifanya jambo hilo kwa mgawanyiko wenyewe. Alianzia nyumbani: mjomba wake alibaki Lahore familia nzima ilipokimbilia India, na Butalia akaenda kumtafuta. Kisha akawasikiliza wanawake. Yeye anataja wanawake kama 75,000 waliotekwa na kubakwa. Desemba 1947 serikali mbili zilikubaliana "kuwarejesha" waliotekwa. Baadhi yao walikwisha kuzaa na kujenga maisha, na hawakutaka kurejeshwa. Wakarejeshwa. Hapo Butalia anatufundisha kulitilia shaka neno zuri. "Kurejeshwa" ni neno la upole sana, lakini ni nani anayeamua unarejea wapi?

Sasa tujaribu zana hizi nyumbani. Kila kitabu kinachoitaja Ngara kinaanza na sentensi moja: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24. Ni kweli, na ni jambo kubwa mno. Katika muda mfupi kambi ya Benaco ikawa kama jiji, na wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Kisha inakuja sentensi ya pili: Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na kugeuzwa, wakavuka daraja lile lile. Sentensi mbili, tarakimu mbili, na kati yake miaka miwili na nusu ya wilaya nzima imepotea.

Bibi yangu hana tarakimu hizo. Ana mambo mengine. Anakumbuka kilima kilichokuwa na miti, na wiki chache baadaye hakina hata kichaka. Anakumbuka kubadilisha mkungu wa ndizi kwa unga wa msaada. Anakumbuka mwanamke aliyeomba maji, akanywa, kisha akakaa pale uani mpaka giza bila kusema neno. Na anakumbuka kuogopa, kwa sababu watu walijua kwamba ndani ya umati ule wamo waliouawa ndugu zao na wamo waliokuwa wameua. Nilipomuuliza alitofautishaje, alisema, "Mjukuu wangu, kiu ni moja."

Ukomo wa Manto

Hapa lazima nimkosoe hata mwandishi ninayempenda. Katika "Siyah Hashiye", mkusanyiko wa visa vifupi sana wa mwaka 1948, mara nyingi Manto haelezi aliyeua ni wa dini gani na aliyeuawa ni wa dini gani. Kwa 1947 mbinu hiyo ina haki yake, kwani wauaji walikuwepo pande zote, na kila upande ulikuwa ukihesabu maiti zake tu.

Mwandishi wa Ngara akiiga mbinu hiyo kibubusa, atadanganya. Kilichotokea Rwanda kuanzia Aprili 1994 ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Yalipangwa, yalitangazwa redioni, na yaliua watu zaidi ya laki nane kwa miezi mitatu hivi. Miili ilishuka na mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria. Kuwafunika wote kwa neno "binadamu" au neno "mkimbizi" ni kuwapa wauaji turubai la kujifichia. Kazi ya fasihi yetu ni ngumu zaidi ya ile ya Manto: ikubali kwamba kiu ni moja, kama asemavyo bibi, na papo hapo isisahau nani alishika panga. Sentensi ya bibi ni sahihi kwa mtu mwenye mtungi wa maji mkononi. Kwa mwanahistoria haitoshi.

Mamdani na suala la mwenyeji

Huyu sasa ni wa kwetu. Mahmood Mamdani alizaliwa Bombay 1946, akakulia Kampala. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, naye akawa miongoni mwao. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari ya kutoka uraia hadi ukimbizi, na akaja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 2001 akatoa kitabu chake kuhusu Rwanda, "When Victims Become Killers".

Hoja yake kwa ufupi: ukoloni haukuleta tu unyonyaji wa kiuchumi, ulitengeneza pia vitambulisho vya kisiasa. Wabelgiji waliwageuza Watutsi kuwa jamii ya kigeni iliyotoka kaskazini, wakawapa nafasi ya juu, na Wahutu wakawa wenyeji. Uhuru ulipokuja, haukuvunja migawanyo hiyo, uliipindua tu. Mauaji ya 1994 yakafanywa na watu waliojiona wenyeji wakiwafuta waliowaona wageni. Anaongeza kwamba chanzo kimoja kiko Uganda, ambako Wanyarwanda waliopigana vita vya Museveni walijikuta bado si raia, na mwaka 1990 wakavuka mpaka kwa silaha.

Nadhani si bahati kwamba aliyeliona jambo hili kwa ukali ni Mhindi wa Kampala. Mtu aliyezaliwa mwenyeji wa kila mahali haliulizi neno "mwenyeji". Yeye aliwahi kuamka asubuhi na kukuta neno hilo limemtoa nje. Hapo ndipo yule Mhindi wa dukani katika vichekesho vyetu anapojibu: si mizani tu aliyonayo, ana pia hati ya kusafiria iliyofutwa.

Lakini Mamdani naye ana upungufu wake. Katika kitabu hicho macho yake yako kwa dola: sheria, sera, majeshi. Mtu wa kawaida anapita haraka, kama mfano wa hoja iliyokwisha kukamilika. Ukimsoma baada ya Butalia unahisi umetoka uani ukaingia ofisini. Tena, akiyaeleza mauaji kwa vitambulisho vilivyotengenezwa na wakoloni, anabaki na kazi ya kumweleza jirani ambaye vitambulisho vilikuwa vile vile na bado alimficha mtu darini.

Na sisi Tanzania tusijitoe. Nchi iliyoendesha Kimbunga 2013 ndiyo iliyowapa uraia Warundi wa 1972 kiasi cha 162,000, na vyeti vyao vikaanza kutolewa 2014. Taifa moja, katika miezi isiyofika 18, lilifukuza na kukaribisha. Msomi anayesema sisi ni wakarimu ana ushahidi wake, na anayesema sisi ni wakali anao pia. Fasihi ndiyo inayoweza kuishi na yote mawili bila kukimbilia kuchagua.

Kasoro yenyewe

Mwaka 1988 Gayatri Spivak aliuliza kama mtu wa chini kabisa anaweza kusema. Jibu lake, nikilipunguza sana, ni kwamba kila anayejitolea kumsemea anamfunika. Hoja nzito. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata sisi wa mwaka wa tatu tunakisoma kwa kamusi na sala. Mfululizo ulioanza ukimtetea mkulima uliishia kuwa mtaji katika vyuo vya Marekani, na mkulima hakualikwa. Kwetu ni hivyo hivyo. Kitabu muhimu juu ya kambi ya Warundi ya Lukole, hapo hapo Ngara, kilitoka 2010 na mwandishi wake ni Simon Turner, msomi wa Denmaki. Simlaumu, kwani alikuja, alikaa, alisikiliza. Swali ni sisi tulikuwa wapi.

Na kabla hatujawapigia Wahindi magoti, tukumbuke jambo moja. Mwaka 1968 na 1969, miaka zaidi ya kumi kabla ya Guha, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita vya Majimaji, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walikuwa na umri kama wetu. Walibeba madaftari, wakauliza kwa lugha ambazo wazee walizijua. Kile tunachokisoma leo kama nadharia mpya kutoka India, kaka na dada zetu walikwisha kukifanya kama kazi ya likizo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuisoma India kutoka Ngara si kupotea njia. Manto anatufundisha kusikiliza swali rahisi. Amin na Butalia wanatufundisha kutoliamini faili peke yake wala kumbukumbu peke yake. Mamdani anatufundisha kuliogopa neno "mwenyeji", hasa linapotoka midomoni mwetu wenyewe. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayekuja Rulenge au Nyakahura kutuandikia.

Ndugu msomaji, likizo iko karibu. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994 sasa amevuka 70. Wenye wazee Ngara, Biharamulo, Karagwe, Kibondo, nendeni na madaftari. Andikeni kwa Kihangaza, Kishubi, Kiha, kisha kwa Kiswahili. Kiingereza kitafuata kikitaka. Mimi nitaanza na bibi. Jembe la babu yule limekwisha kulika na kutupwa. Redio bado iko juu ya kabati, haina betri, na bibi hataki mtu aiguse.